Shujaa Hutambulika kwa Mwiko Wake

Sam Raimi alipotoa filamu yake ya Spider-Man mwaka 2002, mashabiki waliokulia kwenye vitabu vya katuni walikuwa wameanza kulalamika hata kabla ya kuitazama. Lalamiko lao lilihusu utando. Kitabuni, Peter Parker ni mwanafunzi mwenye akili nyingi na pesa kidogo, anayejiundia vifaa vya kurushia utando na kuvivaa mikononi. Raimi aliviondoa, utando ukawa unamtoka kijana mwilini. Kwa anayepima uaminifu kwa kulinganisha picha na picha, hilo ni kosa kubwa. Hata hivyo filamu ilipendwa sana, kwa kuwa jambo moja halikuguswa: Peter anamwacha mwizi apite kwa sababu anaona hayamhusu, kisha analipia uzembe huo kwa kifo cha ami yake Ben. Ndivyo Stan Lee na Steve Ditko walivyomleta duniani Agosti 1962. Nadhani furaha ya shabiki hukaa hapo. Nguvu wanazo wengi, na mara nyingi adui anazo zaidi. Kinachomtambulisha shujaa ni sharti lililofungwa kwenye nguvu zake. Filamu ikilinda sharti hilo imekitendea haki kitabu, hata ikibadili mavazi na vifaa.

Wazo hili halitakuwa geni Makobola, huko Kivu, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara ya kando ya Ziwa Tanganyika kati ya Uvira na Baraka. Mwaka 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma akapiga kambi katika nchi ya Fizi pamoja na waasi wa Simba, na katika kumbukumbu zake alieleza jinsi wapiganaji walivyotegemea dawa ya kuzuia risasi. Dawa ilikuwa na miiko: usiguse mali isiyo yako, usimguse mwanamke, usiogope. Aliyepigwa risasi alihesabiwa kuwa amevunja mmojawapo. Guevara aliona hatari katika imani hiyo, na kama mwanajeshi alikuwa na haki. Anayependa hadithi ataona humo kitu kingine pia, yaani nguvu ya kukopeshwa, inayomtoka mwenye nayo siku anapoiba. Lee na Ditko wangeielewa mara moja.

Kuna atakayesema ni aibu kuzungumzia watu wa katuni mahali kama hapo. Makobola ni pale raia wengi walipouawa na wenye silaha mwishoni mwa 1998 na mwanzoni mwa 1999. Pingamizi hilo ni zito, wala sidai kwamba filamu humliwaza aliyefiwa. Dai langu ni dogo zaidi: watu waliokwisha kuwaona wenye nguvu wasiozuiwa na lolote wana haki kuliko wote ya kutaka shujaa wa kubuniwa awe na mpaka. Filamu ikiufuta mpaka huo ili mapigano yanoge, wao ndio watakaoona mapema.

Black Panther ya Ryan Coogler, ya mwaka 2018, inastahimili kipimo hiki vizuri. Mtu wa Kivu hawezi kuona mlima uliojaa madini ya vibranium bila kukumbuka koltani na dhahabu ya kwao, na hiyo ni sehemu ya utamu. T'Challa, mfalme wa Wakanda na ndiye Black Panther mwenyewe, alizaliwa kwenye kitabu cha Fantastic Four namba 52, Julai 1966, kwa kazi ya Lee na Jack Kirby. Mwaka 1973 Don McGregor akamletea adui, Killmonger, anayemtupa mfalme kwenye maporomoko ya maji. Coogler alilichukua tukio hilo na kulizungushia sheria: kabla ya kupigania kiti, T'Challa anakunywa dawa inayomvua nguvu, asimame mbele ya mpinzani kama mtu yeyote. Mengine aliyageuza bila woga. Killmonger wa kitabuni alizaliwa Wakanda; wa kwenye filamu alizaliwa Marekani, Oakland, na ni binamu wa mfalme. M'Baku, ambaye katuni za zamani zilimvika ngozi ya sokwe kwa namna ya kuwatusi Waafrika, anatoka humu akiwa mtemi mwenye heshima na ucheshi (uaminifu wa neno kwa neno hapo ungekuwa uovu). Na Killmonger akishatwaa kiti, anaamuru bustani ya mmea unaotoa nguvu ichomwe moto, asipatikane wa kumfuata. Ameshika nguvu na kuteketeza sharti lake. Hapo mtazamaji hahitaji kuelezwa adui ni nani.

Pingamizi gumu zaidi linauliza: uaminifu kwa kitabu kipi? Katuni hizi zimepita mikononi mwa waandishi wengi, na zinapingana. Katika Man of Steel ya 2013, Superman anamvunja shingo Jenerali Zod, na mashabiki wengi walikasirika wakisema Superman haui. Watetezi wakajibu, kwa haki kabisa, kwamba katika kitabu cha mwaka 1988 alichoandika John Byrne, Superman aliwaua wahalifu watatu, Zod akiwa mmoja wao. Lakini tazama kilichofuata kitabuni: majuto yalimlemea hadi akajihamisha duniani na kutangatanga angani. Kwenye filamu analia kwa uchungu, kisha baada ya muda mfupi hadithi inaendelea kwa mzaha kidogo. Deni halikulipwa. Waandishi wakipingana juu ya matendo, shabiki anatazama kama gharama ya tendo imebaki.

Wala hahitaji kuwa amesoma. Anayeangalia filamu kwenye simu Makobola huenda hajawahi kushika kitabu cha Marvel, lakini Kivu ina mashujaa wake wa kale. Mwaka 1956 mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck alirekodi kwa Wanyanga, watu wa huko Kivu, utenzi wa Mwindo, ulioimbwa na Candi Rureke kwa siku 12, kisha yeye na Kahombo Mateene wakauchapisha mwaka 1969. Mwindo anazaliwa akitembea na kusema, anamfuata baba yake hadi chini ya ardhi, anaua zimwi. Zimwi hilo lilikuwa rafiki wa Nkuba, radi, naye anampandisha Mwindo mbinguni kumwadhibu mwaka mzima kwa baridi, jua na mvua, kisha anamkataza kuua wanyama. Biebuyck alichapisha baadaye matoleo mengine ya Mwindo, yanayotofautiana sana. Siku mtu atakapoamua kumtengenezea Mwindo filamu ya gharama kubwa, atakuwa huru kumvisha atakavyo na kulipatia zimwi vichwa apendavyo. Ila mtayarishaji atakapopendekeza kuukata ule mwaka wa mbinguni kwa kuwa unachelewesha mapigano, mwongozaji amkatalie.