Kreatinini Moja, Wagonjwa Wawili

Chukua bibi wa miaka 75 mwenye kilo 44, na kijana wa miaka 25 mwenye kilo 75. Majibu ya maabara yanasema kila mmoja ana kreatinini ya mikromoli 100 kwa lita, namba isiyomshtua mtu wodini. Kreatinini ni taka itokayo kwenye misuli, na bibi huyu misuli yake imekwisha. Kwa hiyo hata figo iliyochoka humudu kuondoa kreatinini kidogo anayozalisha. Ukiingiza umri, uzito na jinsia katika kanuni ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976, figo za kijana zinasafisha takriban mililita 106 kwa dakika. Za bibi hazifiki 30. Anayeandika dozi zao, hasa usiku, mara nyingi ni daktari mtarajali aliye katika mwaka wake wa kwanza kazini.

Ni rahisi kusema watarajali hawasomi. Lakini karibu wote wanajua kwamba jentamaisini huharibu figo na masikio, na kwamba diklofenaki haimfai mwenye ugonjwa sugu wa figo. Kinachokosekana ni hatua ya katikati: kukokotoa kasi ya figo kusafisha kabla kalamu haijagusa karatasi. Chuoni, famakolojia hufundishwa dawa moja baada ya nyingine, na figo hutajwa mwishoni mwa kila dawa kama tahadhari. Wodini mgonjwa huja na figo zake kwanza. Uchunguzi mkubwa wa EQUIP uliofanyika Uingereza na kutolewa mwaka 2009 ulipitia maagizo ya dawa zaidi ya 124,000 katika hospitali 19, ukakuta makosa katika asilimia 8.9. Haukuhusu figo peke yake, lakini una jambo la kutufunza: madaktari wa mwaka wa kwanza walikosea asilimia 8.4, wa mwaka wa pili 10.3, na hata mabingwa walikuwa na makosa yao, asilimia 5.9. Ingekuwa ni ujinga wa wageni tu, wa mwaka wa pili wasingewazidi.

Wapo watakaosema simu ina programu ya kukokotoa. Ni kweli, ila simu hujibu aliyeuliza, na jibu hutegemea kanuni aliyoichagua. Bibi yuleyule, kwa kanuni ya CKD-EPI ya mwaka 2021, anapata karibu 50, kwa kuwa kanuni hiyo haiulizi uzito na humhesabu kila mtu kama mwenye umbo la wastani. Enoksaparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, hupunguzwa nusu kwa siku katika dozi ya tiba pale kipimo cha Cockcroft na Gault kinaposhuka chini ya 30. Kanuni moja inampunguzia, nyingine inampa dozi kamili inayoweza kumvujisha damu. Ni haki pia kukumbusha kwamba Cockcroft na Gault waliijenga kanuni yao kwa wagonjwa 249, karibu wote wanaume. Ni makadirio, lakini asiyekokotoa naye anakadiria, tena anakadiria kwamba figo ni nzima.

Pingamizi zito zaidi ni la upande wa pili: hofu ya figo nayo huua. Mgonjwa mwenye maambukizi makali ya damu akipewa antibayotiki nusunusu tangu saa ya kwanza, vijidudu vinamtangulia. Ndiyo maana dozi ya kwanza kwa kawaida haipunguzwi. Kinachobadilika ni zinazofuata, au muda kati yake. Seftriaksoni, inayotumika sana hospitalini kwetu, kwa kawaida haihitaji kuguswa, kwa sababu ini nalo huitoa. Somo la kupunguza tu, bila la kutopunguza, ni nusu ya somo.

Na yote haya yanahitaji mizani. Mgonjwa asiyeweza kusimama mara nyingi hukadiriwa uzito kwa macho. Mzidishie bibi yule kilo 10 tu, na kipimo chake kinapanda hadi 36, akavuka mpaka wa enoksaparini pasipo figo zake kupona hata kidogo.