Bitiruti Haijazi Uboho

Jumanne ni siku yangu ya kliniki ya damu, na haipiti Jumanne bila chupa ya plastiki yenye kitu chekundu kutua mezani kwangu. "Daktari, damu ya mama imeshuka tangu aanze vile vidonge. Tunampa bitiruti, karoti na rozela, asubuhi na jioni. Tuongeze nini?" Msiongeze kitu. Punguzeni. Nimelijibu swali hili kwa upole kwa miaka. Leo mniwie radhi.

Ninaowasema ni wagonjwa wa lukemia sugu ya mailoidi walioanzishiwa imatinibu, vidonge ambavyo wengi wanavijua kwa jina la Glivec. Mgonjwa huja bandama imevimba karibu na kitovu, chembe nyeupe 200,000 katika mikrolita moja ya damu, pahali pa 4,000 hadi 11,000. Wiki chache za vidonge, zimeshuka hadi 9,000. Nyumba nzima inashangilia. Kipimo kinachofuata kinasoma 1,800, chembe sahani zimebaki 60,000, na wingi wa damu ni 8. Vigelegele vinakatika, na hapo ndipo jirani aliyewahi kusikia habari za bitiruti anapokaribishwa ndani.

Kilichotokea hakina uchawi. Uboho ulikuwa umetekwa na ukoo mmoja wa chembe za saratani, nazo chembe za kawaida zimesukumwa pembeni, zimezubaa. Dawa inaufyeka ukoo ule. Waliozubaa hawaamki siku hiyohiyo, na kwa wiki kadhaa uboho unakuwa shamba lililopaliliwa ambalo mbegu zake bado hazijachipua. Katika miezi mitatu ya mwanzo hilo tunalitarajia, ndiyo maana tunawatoboa vidole mara kwa mara.

Sasa hiyo juisi. Ushauri wa vyakula vya kuongeza damu umetoka kliniki ya wajawazito, na kule una mantiki, kwa sababu mjamzito mwenye damu pungufu mara nyingi amepungukiwa madini ya chuma. Mgonjwa wangu hakupungukiwa chuma. Amepungukiwa mafundi, nanyi mnamletea misumari. Tena misumari yenyewe michache: gramu 100 za bitiruti zina chuma pungufu ya miligramu 1. Chupa moja ya damu ya kuongezewa ina takriban miligramu 200, kwa hiyo kuifikia ingebidi mgonjwa amalize zaidi ya kilo 20 za bitiruti, na utumbo ufyonze chuma chote, kazi ambayo hakuna utumbo unaoiweza. Chembe sahani na chembe nyeupe, ambazo ndizo zinazoninyima usingizi, hazisubiri chuma hata kidogo. Wekundu wa bitiruti ni rangi ya mmea tu. Kama wekundu ndio damu, tungewaandikia wagonjwa pilipili.

Kuna aliyenipigia simu saa tano usiku akilia: mkojo wake mwekundu, na chembe sahani zake asubuhi ile zilikuwa 30,000. Akaletwa kwa bajaji, tukapima mkojo, hamna damu. Alikuwa amekunywa jagi zima. Tulicheka wote, ila mimi nilicheka nusu. Mgonjwa wa aina hii anaweza kukojoa damu kweli, na siku hiyo atajiambia ni juisi, arudi kulala.

Halafu juisi yenyewe ni mbichi: mizizi yenye udongo, maji na barafu za kutoka pasipojulikana. Mwenye chembe nyeupe za kutosha ataumwa tumbo na kupona. Ambaye neutrofili zake, zile zinazotangulia kupambana na vijidudu, zimeshuka chini ya 1,000 anaweza kuishia wodini. Balungi nalo mnalolichanganya humo linaweza kuzuia mwili kuivunja imatinibu, ikarundikana.

"Lakini wiki mbili tu, damu ikapanda!" Ndiyo, ilipanda. Jogoo awike asiwike, kutakucha.

Kinachoniudhi kuliko juisi ni anayeficha vidonge kabatini kwa kuwa "vinakausha damu," akanywa bitiruti peke yake. Ukoo ule unarudi, na unaweza kurudi ukiwa sugu kwa dawa. Sisi wenyewe husimamisha dawa neutrofili zikiwa chini ya 1,000 au chembe sahani chini ya 50,000, kisha tunairudisha zikifika 1,500 na 75,000, kwa kawaida kwa dozi ileile ya miligramu 400. Zikishuka tena, tunapunguza hadi 300. Ipo na sindano ya kuchochea chembe nyeupe, na zipo dawa nyingine za kubadilishia. Uamuzi huo unafanyika kliniki, kwa majibu ya maabara.

Mengine haraka haraka. Picha kamili ya damu kila wiki mwezi wa kwanza, kisha kila wiki mbili hadi mwezi wa tatu. Joto la 38 au zaidi, hospitali saa hiyohiyo. Usipitie duka la dawa kununua ya malaria, wala usimeze parasetamoli kabla ya kupima joto. Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni, hapana. Sindano ya makalio, hapana, mpaka daktari wako wa damu aseme. Mswaki laini. Pua ikitoka damu, keti, inama mbele, bana pua dakika 10, isipokoma, njoo. Vidonge vinywe pamoja na chakula na maji mengi. Kula ulichozoea, samaki, maharage, mchicha, mradi kimeiva na ni cha moto.

Na nyie ndugu wanne mnaokuja na chupa: ni wachache kati ya wagonjwa hawa wanaohitaji kuongezewa damu, ila anayehitaji huwa hawezi kusubiri. Nendeni benki ya damu. Mwanamume mwenye afya anaweza kutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4, uzito usipungue kilo 50.