Gunia Lako Lina Kilo Ngapi?

Binti wa kaka yangu anasomea kilimo chuo kikuu kule Morogoro. Likizo hii ndefu amepata nafasi ya mafunzo kwa vitendo hapa Dar es Salaam, katika shirika moja linalohimiza watu wa mjini kununua mazao ya wakulima wetu. Jumamosi iliyopita, siku mbili kabla ya kuanza kazi, alinijia na daftari lenye maneno ya mabango.

"Baba mdogo," akasema, "nisaidie kuchagua. 'Kula cha nyumbani' au 'Mkulima ni uti wa mgongo'?"

Nikamwambia afunge daftari, alale mapema. Alfajiri ya Jumapili tulikuwa sokoni Mabibo, malori yakishusha viazi mviringo kutoka nyanda za juu. Nikamwonyesha magunia. Kila gunia lilikuwa limejaa hadi mdomoni, kisha juu yake zimesukwa kamba kama wavu, na ndani ya wavu viazi vimeongezwa hata gunia likaota kichwa. Hiyo ndiyo lumbesa. Watu wawili walimtwika mpagazi, naye akaondoka magoti yakimtetemeka.

Sheria ya Vipimo haikubali gunia la mazao lizidi kilo 100. Lakini shambani mazao hununuliwa kwa gunia, si kwa kilo, na mwenye kuamua gunia limejaa ni yule anayenunua. Tuseme gunia lina kilo 130. Mkulima akiuza magunia kumi, ametoa bure kilo 300, yaani magunia matatu kamili. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa mkulima huyu, haba na haba humwaga kibaba.

Je, sisi wa mjini tunapata nafuu? La hasha! Gunia likifika hapa hufunguliwa, viazi vikauzwa kwa sado na kwa fungu. Kichwa cha gunia hakifiki katika kikapu cha mama anayenunua fungu moja la chakula cha mchana.

Mfanyabiashara naye ana maneno yake, na tumsikilize. Gari hutozwa kwa gunia, wapakiaji hulipwa kwa gunia, na viazi vingine huoza njiani. Akikataa lumbesa peke yake, mwenzake mwenye magunia manene atamshinda bei.

Na mkulima mbona hakatai? Kwanza, hana mizani. Pili, kiazi kilichokwisha kuchimbwa hakingoji. Kikipigwa na jua hugeuka kijani, kikirundikwa huoza. Tatu, lori limesimama barabarani, na anajua akikataa yeye, jirani atakubali.

Ndiyo maana nilimwambia mwanangu kwamba bango peke yake halitoshi. Watu wa mjini wakiitikia mwito na kununua viazi maradufu, magunia yatakayotoka shambani yatakuwa maradufu, na kila moja litakuwa na kichwa chake. Kumtangazia mkulima soko bila mizani ni kumwongezea hasara.

Alinyamaza. Kisha akatoa kalamu, akaanza kuandika hesabu nyuma ya daftari. Nilijua anahesabu nini. Baba yake analima viazi Njombe, na ada yake yote imetoka katika magunia hayo. Alipofika mwaka ule kaka yangu alipouza ng'ombe ili kujazia ada, kalamu ilisimama. Viazi alivyotoa bure msimu ule vingetosha kumbakiza ng'ombe zizini.

Nami sikuwa na la kumwambia, kwa sababu katika ujana wangu mimi ndiye niliyekuwa nikipanda juu ya magunia ya nyumbani kushindilia. Nilisifiwa sana kwa kazi hiyo. Hakuna aliyetueleza kwamba tulikuwa tukishindilia mali yetu wenyewe.

Jumatatu alianza kazi. Aliniambia kwamba mkuu wake alimsikiliza, akacheka kidogo, akasema mabango yatachapwa vilevile. Lakini amemruhusu aende vijijini na mizani moja, na aketi na wakulima walio tayari kuuza kwa pamoja, kwa kilo. Mkulima mmoja akikataa, lori humpita. Kijiji kizima kikikataa, lori halina budi kusimama na kupima. Msimu mmoja wa likizo hautamaliza lumbesa, lakini kijiji kimoja kikishapima, hakitasahau.

Nasi tunaobaki mjini tuna sehemu yetu. Sokoni, badala ya kukubali fungu kwa macho, tuulize kilo. Muuzaji akizoea kuulizwa kilo hapa, naye atazoea kuuliza kilo kule anakonunua.

Bango la binti yetu limebadilika. Sasa lina swali moja tu: "Gunia lako lina kilo ngapi?"

Hadi wiki ijayo, kwaherini.