Skafu 60 za dabi zilivyonidodea Sevilla

Leo siongelei picha za bidhaa wala namna ya kumjibu mteja anayeandika "bei?" halafu anapotea. Naongelea mashabiki wa mpira wa Hispania. Kutowajua kulinigharimu euro 300, na hela yenyewe haikuwa ya mchezo. Ilikuwa ada ya mdogo wangu.

Mimi ni mtu wa Tanga, ila naishi Sevilla, kusini mwa Hispania. Asubuhi natandika vitanda hotelini, jioni nauza vitu vidogo vidogo mtandaoni: makava ya simu, chaja, mikoba. Nimepanga chumba kwa bibi mmoja mjane ambaye kila Jumapili ananiuliza kama nimekula, hata akiwa ameniona nakula.

Mji huu una timu mbili. Sevilla FC, ya tangu 1890, rangi nyekundu na nyeupe, uwanja wake wa Ramón Sánchez-Pizjuán uko mtaa wa Nervión. Real Betis, ya tangu 1907, kijani na nyeupe, uwanja wake wa Benito Villamarín uko upande wa kusini wa mji. Timu mbili, mji mmoja, na mara nyingi hata nyumba ni moja. Bibi yangu ni Betis wa kuzaliwa. Marehemu mume wake alikuwa Sevilla. Siku ya dabi, aliniambia, walikuwa wanakula chakula cha mchana bila kuongea, halafu kila mtu anatoka na mlango wake, maana nyumba ina milango miwili.

Sasa mwishoni mwa 2022 dabi ilikuwa inakaribia, inachezwa kwa Betis. Mimi nikaona fursa. Nikapata muuzaji wa jumla mtandaoni mwenye skafu za dabi: nusu kijani, nusu nyekundu, katikati imefumwa tarehe ya mechi. Euro 5 kila moja, na hauzi chini ya 60. Nikapiga hesabu ya haraka, ile hesabu tunayopiga wote tukiwa na hamu: mashabiki wa timu zote mbili watanunua, maana kila mmoja amewekewa rangi yake. Nauza euro 12. Ada inarudi na faida juu.

Nikatoa hela. Nikapiga picha nzuri, nikatupia kwenye programu ya kuuziana vitu hapa mjini.

Meseji zilikuja nyingi kweli. Hakuna hata moja ya kununua. Mmoja aliniuliza kama nauza pia picha ya harusi yenye mke wa zamani na mke wa sasa. Mwingine aliandika kwamba nusu moja ataichukua, ile nyingine nimlipe yeye ili aivae. Waandalusia wana utani mkali, na wiki ya dabi ndiyo sikukuu yake. Niliuza skafu 11 tu, zote kwa watalii, tena baada ya kushusha bei hadi euro 7. Mechi ikaisha 1-1. Kesho yake tarehe iliyofumwa katikati ikawa ya jana, na skafu 49 zikaingia chini ya kitanda.

Bibi ndiye aliyenifungua macho. Nilimwonyesha moja, akaishika kwa vidole viwili kama anashika panya aliyekufa. Akasema, "Binti yangu, hii ni ya mtu ambaye hajali nani anashinda. Hapa Sevilla hayupo."

Yaani fikiria umeshona jezi nusu Simba nusu Yanga, halafu umeipeleka Kariakoo siku ya mechi. Ungefanya hivyo? Mimi nilifanya, kwa sababu nilikuwa ugenini na niliona rangi tu, sikuona watu.

Nikaanza kuwaangalia. Na niseme ukweli, nilianza kwa hasira ya hela yangu, nikaishia kuwapenda.

Cha kwanza nilichokiona ni kwamba shabiki wa hapa hasubiri ushindi ndiyo avae. Betis wana msemo wao wa miaka mingi, kwamba idumu Betis hata ikifungwa. Wanausema kwa Kihispania cha mtaani, chenye neno moja lililokosewa makusudi, na hakuna anayelirekebisha. Timu hii imeshushwa daraja mara kadhaa na uwanja haukuhamwa. Upande wa pili nao wana yao. Agosti 1995 Sevilla FC ilishushwa daraja mezani, pamoja na Celta ya Vigo, kwa sababu ya makaratasi ya dhamana ya fedha. Mashabiki wakajaa barabarani, miji yote miwili. Timu zikarudishwa, na ligi ikabidi iwe na timu 22 badala ya 20 kwa misimu miwili. Fikiria, ligi nzima ikapanuliwa kwa sababu watu walikataa kwenda nyumbani.

Mtu wa namna hiyo hanunui skafu kila mechi. Skafu yake anayo. Alipewa na baba, imefifia, ina doa la bia la fainali fulani, na wewe ukimpa mpya bure ataivaa mjukuu. Nilikuwa najaribu kumuuzia kitu ambacho tayari anacho, na changu kilikuwa kibaya zaidi.

Cha pili ni saa. Mechi kubwa ya hapa haianzi filimbi ikipulizwa. Inaanza saa tatu, nne kabla, mitaa ya jirani na uwanja. Watu wamesimama nje ya baa, glasi mkononi, watoto wanapiga mpira katikati ya miguu ya wakubwa. Basi la timu likikaribia utaona moshi wa rangi, watu wanaligonga mbavu kwa viganja, wazee wanalia kabla hata ya kuona mchezaji. Pembeni kuna wauzaji wenye mifuko ya mbegu za alizeti. Hizo mbegu ni kitu cha kujifunza, jamani. Mtu mwenye wasiwasi lazima afanye kitu kwa mdomo, na dakika 90 za mbegu za alizeti ni mfuko mzima. Ukitoka uwanjani unatembea juu ya maganda. Wakati wa mapumziko wanafungua mikate waliyobeba kutoka nyumbani, imefungwa kwa foili, na uwanja mzima unanukia nyama. Yule wa alizeti hajawahi kujali nani kafunga. Mzigo wake unaisha wakiwa na furaha, na unaisha wakiwa na hofu.

Nisipambe sana. Mapenzi haya yana upande wake mbaya. Januari 2022, dabi ya Kombe la Mfalme kwa Betis, mtu alirusha fimbo kutoka jukwaani ikampiga kichwani Joan Jordán wa Sevilla. Mechi ikasimamishwa, ikamaliziwa kesho yake bila watazamaji. Bibi hadi leo akikumbuka anatikisa kichwa na kusema aibu ile ilikuwa ya kijani.

Na kuna vitu usiviguse hata kama vinauzika. Ukienda kwa Sevilla, dakika ya 16 uwanja unapiga makofi. Hakuna bao, hakuna faulo. Ni kwa ajili ya Antonio Puerta, aliyevaa namba 16, aliyeanguka uwanjani Agosti 2007 akafariki siku tatu baadaye akiwa na miaka 22. Msiba ule uliwakutanisha wa kijani na wa nyekundu, waliokuwa wamefikia pabaya. Niliwahi kufikiria kitu chenye namba 16, nikamgusia mwenzangu wa hotelini ambaye ni shabiki wa Sevilla. Hakunijibu. Alinitazama tu. Nikafunga ile mada.

Hela yangu ilirudi kwa njia ambayo sikuitegemea. Kila Desemba, kwenye mechi ya karibu na Krismasi, mashabiki wa Betis wanaenda uwanjani na wanasesere wa manyoya. Wanawarusha uwanjani kwa maelfu, wanakusanywa na kupelekwa kwa watoto wasio na uwezo. Mara ya kwanza kuona mvua ile ya madubu nilisahau kabisa kwamba nimeenda kikazi. Desemba 2023 nikajipanga. Wanasesere laini, wadogo, hawana nembo wala jina la timu, euro 4 mmoja, watatu euro 10. Nilitangaza wiki mbili kabla, na nikaandika wazi kuwa nakabidhi mkononi karibu na uwanja saa mbili kabla ya mechi. Waliisha. Waliochelewa walinilaumu.

Nembo, kwa faida ya mtu ambaye angependa kuuliza: nembo ya klabu ina mwenyewe. Hapa vijana wengi kutoka Senegali wanauza jezi za kuiga juu ya shuka lenye kamba kwenye pembe nne. Polisi wakitokea, wanavuta kamba, shuka linakuwa mfuko, wanakimbia. Wanaokamatwa mzigo unachukuliwa. Nawaheshimu, wanatafuta kama mimi, ila presha ile siiwezi.

Halafu ikaja Aprili 2024. Fainali ya Kombe la Mfalme inachezwa hapa Sevilla, uwanja wa La Cartuja: Athletic ya Bilbao na Mallorca. Bilbao iko kaskazini kabisa, zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Athletic ni klabu inayochezesha wachezaji wa asili ya nchi ya Wabaski au waliolelewa huko kimpira tu, na kombe hilo walikuwa hawajalibeba tangu 1984. Katikati walifungwa fainali za 2009, 2012 na 2015, zote na Barcelona. Fainali ya 2020 ikaahirishwa mwaka mzima kwa sababu ya korona ili mashabiki waweze kuwepo, na mwisho ikachezwa uwanja mtupu, Aprili 2021, wakafungwa na jirani zao Real Sociedad. Wiki mbili baadaye wakafungwa fainali nyingine, Barcelona tena, mabao 4-0.

Bibi alipangisha sebule kwa baba mmoja wa Bilbao na mwanawe wa miaka kama 19. Hawakuwa na tiketi. Makumi ya maelfu walikuja mjini, wengi wao hivyo hivyo, bila tiketi. Nilimuuliza yule baba, kwa nini msingebaki nyumbani mkaangalia kwenye TV? Akanijibu, "Nyumbani ningeiangalia mechi. Hapa nipo kwenye mechi."

Skafu yake ilikuwa ya marehemu baba yake. Nyuzi zimetoka pembeni. Mwaka 1984 alikuwa mtoto, amebebwa mabegani, anaangalia wachezaji wakipita mtoni Bilbao juu ya tishari, lile chombo bapa la kubebea mizigo, na kombe mkononi. Kijana wake amesimuliwa tishari hilo maisha yake yote na hajawahi kuliona likitembea.

Safari hii nilikuwa nimejipanga kidogo. Watu waliosafiri kilomita 800 wamekuja wamevaa tayari, kwa hiyo rangi sikugusa. Nilichukua pawabenki 40. Wiki tatu kabla nikatangaza kwamba ukifika Sevilla nakuletea ulipo, imejaa chaji. Ilikuwa siku nzima mtaani, simu ndiyo ramani, ndiyo kamera, ndiyo ya kutafutana. Kufikia saa kumi jioni nilibaki na tatu, na moja nikampa yule kijana.

Mechi tuliangalia baa ya chini ya nyumba. Mallorca walitangulia, Athletic wakasawazisha, 1-1, muda wa nyongeza, penalti. Athletic wakashinda 4-2. Yule baba hakuruka. Alikaa chini kwenye sakafu, katikati ya maganda ya alizeti, akaifunika uso wake na ile skafu ya baba yake, na kijana wake akakaa pembeni akamshika shingo. Hakuna mtu aliyewapiga picha. Hata mimi, ambaye kazi yangu ni kupiga picha vitu.

Siku tano baadaye alinitumia video. Tishari limetoka tena baada ya miaka 40, mto umejaa boti, kingo zote mbili nyekundu na nyeupe mpaka mwisho wa macho. Kijana yuko mbele, skafu ya babu shingoni.

Ada ya mdogo wangu ile ya mwanzo niliilipa kwa zamu za usiku. Alisajiliwa chuo wiki mbili nyuma ya wenzake, na ananikumbusha kila tukigombana. Skafu nazo zilipungua moja: siku ya kumbukumbu ya mumewe, bibi alikuja chumbani akaomba skafu ile ya aibu. Akachukua mkasi, akaikata katikati, tarehe yote ikaanguka chini nyuzi nyuzi. Nusu nyekundu akaikunja kwenye mkoba, akaenda nayo makaburini. Ile ya kijani iko jikoni, anashikia sufuria za moto.

Zimebaki 48. Kama kuna mtu ana wazo la maana la kuzifanyia, inbox iko wazi.