Kompyuta ya Biro Inakuja Nyumbani

Watoto, biro nyingi hubadilisha kompyuta zao kila baada ya miaka michache, hata kama zingali zinafanya kazi. Tena, tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kutoa msaada wa kawaida kwa programu yake ya Windows 10. Programu iliyoifuata, Windows 11, inakataa mashini nyingi za zamani. Basi mashini hizo zinaondolewa mezani na kuuzwa kwa bei ndogo. Je, zimekufa? Hapana. Mzee asiyeweza tena kubeba mizigo bado anaweza kufundisha watoto. Tuone sasa namna ya kuitengeneza mashini kama hiyo, ili isaidie nyumbani.

1. Kabla ya kununua. Mwombe muuzaji barua ya mauzo, kwa maana anayenunua kitu cha wizi kwa kujua anamsaidia mwizi. Mungu ametuamuru: Usiibe. Kisha mashini iwashwe mbele ya macho yako. Ikidai neno la siri, na muuzaji halijui, usitoe franka hata moja. Pengine imeibwa. Na kama haikuibwa, huenda ikabaki sanduku la chuma tu.

2. Umeme. Katika Kongo umeme wa nyumbani ni wa volti 220. Mashini nyingine za zamani zina swichi ndogo nyuma, yenye namba 115 na 230. Swichi ikiwa kwenye 115, nawe ukachomeka waya, utasikia mlio na kuona moshi. Kwa hiyo mtu mzima aiangalie kwanza na kuiweka kwenye 230. Tena, kwa kuwa umeme wetu hupanda na kushuka, inafaa kuweka chombo cha kuusawazisha.

3. Vumbi. Vumbi la miaka mingi ni kama blanketi: linazuia joto lisitoke. Mashini ikipata joto kali, hufanya kazi polepole, au huzimika yenyewe. Zima mashini, chomoa waya, kisha mtu mzima afungue ubavu wake. Aguse kwanza chuma kitupu cha sanduku, maana umeme mdogo wa mwilini waweza kuharibu vipande vya ndani. Aondoe vumbi kwa brashi laini iliyo kavu, akiizuia feni kwa kidole isizunguke. Lakini kisanduku kinachopokea umeme asikifungue kamwe. Ndani yake umeme hubaki hata waya ukichomolewa, nao unaweza kuua.

4. Saa. Ikiwa kila asubuhi kompyuta inaonyesha mwaka uliopita zamani, betri yake ndogo imekwisha. Ni ya mviringo kama sarafu, mara nyingi imeandikwa CR2032, nayo ni ya volti 3. Ibadilishwe. Saa ikikosea sana, kurasa nyingi za intaneti zitakataa kufunguka.

5. Siri za watu. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Ndani ya diski huenda zimebaki barua za biro, mishahara, hata majina ya wagonjwa. Kufuta barua moja moja hakutoshi. Ni kama kung'oa orodha ya masomo katika kitabu: kurasa zenyewe bado zipo, na mtu mwerevu atazisoma. Diski yenye sahani inayozunguka inapaswa kuandikwa upya yote, toka mwanzo hata mwisho. Diski isiyozunguka ina amri yake ya kufuta yote. Nawe usifungue barua hizo kwa udadisi. Umenunua mashini, hukununua siri za wenzako.

6. Programu mpya. Mwaka 1991 kijana wa Ufini aitwaye Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21, alianza kazi iitwayo Linux, akawagawia watu wote. Leo programu za Linux zinapatikana bila malipo, na nyingine ni nyepesi, zinafaa mashini za zamani. Huwekwa kwa kutumia flashi. Ongeza LibreOffice, nayo ni ya bure, upate kuandika barua na kufanya hesabu.

Mwisho, kompyuta iwekwe katika chumba ambamo watu wote wa nyumba huketi, mbali na maji na jua. Mashini haijui mema wala mabaya: itakusaidia kujifunza hesabu, na itakusaidia pia kupoteza siku nzima. Mwenye kuchagua ni wewe.

Maulizo
1. Kwa nini tunaomba barua ya mauzo?
2. Swichi ya nyuma iwekwe kwenye namba gani katika Kongo?
3. Vumbi linaidhuru mashini namna gani?
4. Umekuta barua ya mtu mwingine katika diski. Utafanya nini, na kwa nini?