Hotuba Mbili Juu ya Maiti Moja

Mtu akihutubia vizuri, sifa ya kwanza huenda kwenye sauti yake. Demosthenes wa Athens, mlumbi wa karne ya nne kabla ya Kristo, husimuliwa kuwa alijizoeza kusema akiwa na vijiwe mdomoni ili aunyooshe ulimi wake, na hadithi hiyo imewaaminisha watu wa vizazi vingi kwamba kazi yote ya mhutubiaji iko kinywani. Mimi naona sehemu kubwa ya kazi hiyo iko kwa wanaosikiliza. Msemaji hodari huwapa wasikilizaji wake jambo la kufanya, kisha akajua lini anyamaze ili walifanye. Watambaji wetu wa hadithi walilijua hilo zamani: paukwa isiyojibiwa pakawa haina hadithi nyuma yake.

Ushahidi mzuri uko katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili na kuichapisha mwaka 1963, akiwa Rais, kisha akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Katikati ya mchezo huo Caesar amekwisha kuuawa, na watu wa Roma wanataka maelezo. Brutus, mmoja wa wauaji, anapanda jukwaani kwanza. Hotuba yake ni ya nathari, fupi, iliyopimwa kila upande: alimpenda Caesar, lakini aliipenda Roma zaidi, Caesar alitaka makuu, ndiyo maana akafa. Kisha anauliza ni nani kati yao aliye duni kiasi cha kupenda kuwa mtumwa. Anangoja jibu, lakini swali lenyewe limekwisha kufunga milango yote, maana atakayenyoosha mkono atakuwa amejitukana mwenyewe. Umati unashangilia. Kuna mmoja hata anapendekeza Brutus afanywe kuwa Caesar, na hapo tunatambua kwamba hoja haikuwaingia hata kidogo. Walipewa hukumu iliyokwisha kuandikwa, wakaipigia makofi.

Antony, rafiki wa Caesar, anaingia akiwa amefungwa mikono: ameruhusiwa kusema kwa sharti kwamba asiwalaumu wauaji. Anautumia mkatale huo kwa ustadi wa ajabu. Anataja mambo ambayo watu wenyewe waliyashuhudia, kwamba Caesar alijaza hazina ya Roma kwa fidia za mateka, kwamba alikataa taji mara tatu, na baada ya kila jambo anarudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima. Hasemi kwamba Brutus ni mwongo. Anaziweka kauli mbili zisizopatana pamoja na kumwachia msikilizaji azipatanishe, na kila sifa inaporudiwa inazidi kuchacha. Kisha anasita, eti moyo umemwelemea, na wakati huohuo wananchi wanaanza kusemezana wao kwa wao. Kwangu hapo ndipo kilele cha hotuba kilipo, na msemaji amenyamaza. Wasia wa Caesar nao anautaja halafu anakataa kuusoma, mpaka wao wenyewe waudai kwa kelele. Wanapoondoka kwenda kuchoma nyumba, wanakwenda na hitimisho wanaloamini ni lao.

Mtu atasema hiyo ni michezo ya kuigiza, na mtunzi anaweza kuufanyisha umati wake lolote. Ni kweli, lakini historia haiko mbali. Caesar aliuawa tarehe 15 Machi mwaka 44 kabla ya Kristo, na mazishi yake yalizua ghasia kweli. Mwandishi wa Kirumi Suetonius anaeleza kwamba Antony alimwagiza mpiga mbiu asome azimio la Seneti la kumpa Caesar heshima zote, pamoja na kiapo walichokula maseneta cha kumlinda, kisha yeye mwenyewe akaongeza maneno machache tu. Masimulizi hayo hayana machozi wala mbwembwe, ila mbinu ni ileile: kiapo kinasomwa mbele ya maiti, na anayesikia anajaza yaliyobaki.

Pingamizi gumu zaidi linatoka nyumbani. Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera, Nyerere aliyemfasiri Antony hakuzunguka hata kidogo. Alitamka waziwazi kwamba Amin atapigwa, akataja uwezo, sababu na nia, na Watanzania wanayakumbuka maneno hayo hadi leo. Je, hiyo si hukumu iliyokwisha kuandikwa, kama ya Brutus? Tofauti iko kwa hadhira. Watu wa Roma walikuwa wanayumba. Watanzania walikwisha kusikia kwamba ardhi yao imeingiliwa, na walichongojea ni mkuu wa nchi atamke lililokuwa vifuani mwao. Ni kosa kuiga ukali wa hotuba ile mbele ya watu ambao bado wanajiuliza, kosa ambalo wagombea wetu hulifanya kila msimu wa kampeni.

Limebaki swali la uadilifu, kwa kuwa ufundi huu ukimfaa Antony unamfaa tapeli pia. Sioni njia ya kulikwepa. Lakini tazama jambo moja ambalo umati ule haukuliona. Antony anainua joho la Caesar na kuonyesha tundu la kisu cha Cassius, la Casca, la Brutus. Alijuaje lipi ni la nani? Wauaji walikuwa wamemtoa kwa hila kabla ya kisu cha kwanza, hakuwepo. Kati ya watu wote waliojaa uwanjani, hakuna aliyemuuliza.