Majina ya Watu katika Kiigbo na Kiingereza: Swali la Maana na Sarufi

Imekuwa desturi kudai kwamba majina ya Waafrika yana maana ilhali ya Waingereza hayana. Dai hili, japo latupendeza, halitufikishi mbali. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti kubwa iko katika sarufi.

Jina la Kiigbo aghalabu ni sentensi kamili. Chukwuemeka ni 'Mungu ametenda makuu'. Nnamdi, 'baba yangu yu hai', hupewa mtoto anayeaminiwa kuwa ni babu aliyerudi. Afamefuna ni ombi, 'jina langu lisipotee'. Kitenzi kimo ndani ya jina, na msikilizaji hukisikia. Ndiyo sababu jina huweza kumsemesha mwingine asiyekuwa mwenye jina. Mama aliyefiwa na watoto mfululizo huweza kumwita anayefuata Onwubiko, 'Kifo, tafadhali', au Ozoemena, 'lisitokee tena'. Anayeombwa hapa ni kifo chenyewe. Mtoto ni mchukuzi tu wa maneno. Katika riwaya yake ya 1958, Things Fall Apart, Chinua Achebe aliyafasiri majina ya watoto wa Ekwefi ndani ya masimulizi, kwani bila hivyo uchungu wa mama huyo ungempita msomaji wa Kiingereza.

Kiingereza nacho kilikuwa na majina ya wazi. Kabla ya uvamizi wa Wanormandi wa 1066, Godwin alieleweka kuwa 'rafiki wa Mungu'. Lakini hayo yalikuwa maneno ambatani, si sentensi, na mengi yalisukumwa kando na William, Robert na Richard. Majina ya kazi kama Smith, 'mhunzi', yalipoanza kurithiwa, yaliwashukia hata wasiowahi kushika nyundo. Waingereza waliorudisha kitenzi katika jina ni Wapuritani wa mwishoni mwa karne ya 16 na wa karne ya 17. Mmoja wao, Praise-God Barebone, bunge la 1653 liliitwa kwa jina lake, tena kwa dhihaka.

Jambo lililo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni lile lililoyapata majina ya siku za soko: Eke, Orie, Afo na Nkwo. Okafor ni mwanamume wa Afo, Okonkwo wa Nkwo; mwanamke wa Afo ni Mgbafor. Chini ya utawala wa kikoloni, shule na rejista zilidai jina la ukoo. Leo binti aliyezaliwa siku ya Eke huitwa Okafor, jina lisilosema kweli juu ya siku yake wala jinsia yake. Limekuwa Smith. Sentensi imebaki katika jina lake la kwanza, na hapo ingali hai. Achebe mwenyewe, aliyebatizwa Albert Chinualumogu, aliliacha la Albert akabaki na kifupi cha lile la pili, 'Mungu anipiganie'.

Mfasiri wa Kiswahili ana nafuu ambayo mwenzake wa Kiingereza hana. Pwani yetu ina Sikujua na Sikudhani, majina yenye nafsi, ukanushi na wakati. Msomaji aliyeyazoea hatashangaa akiambiwa kwamba Ozoemena ni kitenzi.